Je, Wajua? Hati ya Uwakilishi ni Mkono wa Kuazima

Wakili, wakala na tawakali ni ndugu wa tumbo moja. Maneno yote matatu yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kumkabidhi mwingine jambo lako. Anayesimama mahakamani kukutetea ni wakili. Anayekaa chini ya mwavuli akikutolea pesa kwenye simu ni wakala. Na dereva aliyechora "Tawakal" kwenye kioo cha basi amemkabidhi Mungu safari nzima, abiria wakiwemo, bila kuwauliza. Serikali ya Tanzania nayo imelichukua neno hilo na kulipeleka mpaka barabarani na msituni: kuna Wakala wa Barabara, Wakala wa Vipimo, Wakala wa Huduma za Misitu.

Ajabu ni kwamba karatasi yenyewe, ile ambayo mtu humkabidhi mwenzake mamlaka, haijapata jina moja. Wengine huiita hati ya uwakilishi, wengine nguvu ya kisheria, na ukifika dirishani kwenye ofisi ya ardhi utaulizwa tu, "Pawa ofu atoni unayo?" Hapa tutaiita hati ya uwakilishi. Anayeitoa tutamwita mwenyewe. Anayepewa tutamwita mwakilishi.

Warumi wa kale waliyaita makubaliano ya namna hii mandatum, neno lililoungwa kutokana na "mkono" na "kutoa". Sijaona picha inayoeleza jambo hili vizuri zaidi. Unamwazima mtu mkono wako asaini, apokee, akabidhi, mahali ambapo mwili wako haupo. Na kitu cha kuazima kina mambo yake mawili: hakigeuki kuwa mali ya aliyeazima, na mwenyewe akikitaka hurudishwa. Karibu kila ugomvi wa hati ya uwakilishi, ukiufuata hadi mwanzo wake, utakuta mtu alisahau moja ya hayo mawili.

Je, wajua kwamba mwakilishi si lazima awe mwanasheria?

Hiyo "atoni" ya kwenye jina imewapoteza wengi. Shangazi yako anafaa kuwa mwakilishi, jirani anafaa, fundi aliyekujengea nyumba anafaa ukimwamini. Wakili wa kujitegemea anaingia kwa kazi nyingine: kuiandika hati vizuri, kushuhudia saini na kugonga muhuri.

Tena Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema jambo ambalo wasomaji wengi hudhani nimekosea kulinukuu. Anayemteua mwakilishi lazima awe mtu mzima mwenye akili timamu. Anayeteuliwa, mbele ya watu wa nje, anaweza kuwa yeyote, hata mtoto. Ukimpa kijana wa miaka 15 mamlaka ya kukununulia ng'ombe mnadani, na bei ikapatana, mwuzaji ana haki ya kukudai wewe. Lakini kijana huyo akizitapanya fedha njiani, huwezi kumbana kama ambavyo ungembana mtu mzima. Ulimchagua mwenyewe, hasara ni yako. Sheria hiyohiyo inasema pia kwamba uwakilishi hauhitaji malipo ili uwe halali. Mwakilishi wa bure ana wajibu kama wa kulipwa.

Sura ya uwakala katika sheria hiyo ina ukoo wake. Waingereza waliitumia Afrika Mashariki Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Tanganyika ilipotunga sheria yake mwaka 1961, sehemu kubwa ya ile ya India ilibaki ndani, na sura ya uwakala ikahamia karibu kama ilivyo. Kenya, mwaka huohuo, iliiacha njia ya India ikashika kanuni za Uingereza. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja Holili na mwingine Taveta, wanaweza kuandika hati zinazofanana kwa sura huku sheria zilizo nyuma yake zikiwa na wazazi tofauti.

Ukivuka kwenda Kongo, ukoo ni mwingine kabisa. Kule hati hii ni mtoto wa sheria za Ufaransa na Ubelgiji, na agizo linalotawala mikataba lilitolewa tarehe 30 Julai 1888, enzi ambazo nchi nzima ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili. Mfanyabiashara wa Bukavu anayemtuma mwenzake Lubumbashi kumwakilisha leo anategemea maandishi ya zama za mfalme huyo, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo.

Je, wajua kwamba "kusimamia" si "kuuza"?

Hati ya uwakilishi husomwa kwa ubahili. Mahakama haijazii maneno ambayo mwenyewe hakuyaandika. Mtu akiandika kwamba ndugu yake "asimamie nyumba yangu, akusanye kodi na kuifanyia matengenezo", huyo ndugu anaweza kumtoa mpangaji msumbufu na kubadili mabati. Hawezi kuiuza. Hawezi kuiweka rehani benki. Neno "kusimamia", hata likiandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, halizai neno "kuuza".

Ndiyo maana kuna hati za aina mbili. Ile maalumu inataja jambo moja: uza kiwanja hiki, chenye namba hii, kilichopo mahali hapa. Ile ya jumla inakabidhi mambo mengi kwa mpigo: biashara, benki, nyumba, kesi. Ushauri wangu, na hapa nazungumza kama mtu aliyeona familia zikikosana, ni kwamba hati ya jumla ni kama kumpa mtu funguo zote za nyumba kwa sababu anataka kuchukua jembe stoo. Andika jambo linalotakiwa, taja mali yenyewe, weka tarehe ya mwisho.

Mengine ya kujua hapa ni mafupi. Mwakilishi haruhusiwi kumpasia mwingine mamlaka aliyopewa yeye, isipokuwa hati iseme hivyo au desturi ya kazi iruhusu. Ulimwamini yeye, hukumwamini shemeji yake. Haruhusiwi kujiuzia mali ya mwenyewe kwa siri, hata kwa bei nzuri. Na hati inayogusa ardhi haitoshi kukaa kwenye bahasha: Tanzania inapaswa kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na Kenya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ina utaratibu wa kuiingiza kwenye daftari la ardhi.

Je, wajua kwamba hati hufa siku moja na mwenyewe?

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo tukae kidogo.

Baba anafariki Jumatatu. Jumatano, matanga hayajaanuliwa, kaka mkubwa anakwenda benki na hati aliyopewa na marehemu miaka mitatu nyuma. Ina saini, ina picha, ina muhuri wa wakili. Moyoni anaamini sasa ndipo hati ianze kazi: baba hayupo, mimi ndiye niliyeachiwa. Sheria inasema kinyume chake. Mwenyewe akifa, uwakilishi umekwisha. Mkono ulioazimwa ulikuwa wa mtu aliye hai. Maiti hana mkono wa kuazimisha. Anachobakiwa nacho mwakilishi ni wajibu wa kuilinda mali isiharibike mpaka wenye haki nayo wajulikane: afunge duka, awalishe mifugo, apokee shehena iliyokwisha kufika bandarini. Kuuza, kuhamisha au kutoa fedha hawezi.

Kutoka hapo njia ni ya mirathi. Kwa Tanzania Bara familia hukaa kikao, huandika muhtasari, humpendekeza msimamizi wa mirathi, kisha mahakama humteua baada ya kutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kaka yule anaweza kuwa ndiye atakayeteuliwa. Lakini atateuliwa upya, kwa kofia nyingine, na atawajibika mahakamani na kwa warithi wote, pamoja na wale wa nyumba ndogo ambao hati ya zamani haikuwataja. Wengi hukasirika wakielezwa haya. Wanaona ni usumbufu. Mimi naona ni kinga ya wajane: bila kanuni hii, aliyekuwa karibu na mzee siku za mwisho angebaki na kila kitu.

Kanuni ina upenyo mmoja, nao wanaufahamu zaidi wakopeshaji. Ikiwa mwakilishi mwenyewe ana maslahi katika mali husika, mamlaka yake hayafi. Mfano ulioandikwa ndani ya sheria ile ya India ni huu: mtu anampa mwenzake mamlaka ya kuuza ardhi yake na kujilipa deni kutokana na bei. Mamlaka hayo mwenyewe hawezi kuyafuta, wala hayakomi akirukwa na akili au akifa. Kwa hiyo ukiona hati ya uwakilishi imebanwa pamoja na mkataba wa mkopo, isome mara mbili kabla ya kutia saini. Hiyo si ya kuazima tena.

Na akili ikipotea kabla ya uhai?

Hili ndilo swali la zama zetu, kwa sababu wazee wetu wanaishi miaka mingi na ugonjwa wa kusahau unawapata. Kwa sheria ya Tanzania, mwenyewe akipoteza utimamu wa akili, uwakilishi unakoma kama vile amekufa. Tazama lilivyo jambo la kusikitisha: siku ambayo mama hawezi tena kwenda benki wala kuwatambua wanawe ndiyo siku ambayo familia inakumbuka kuandika hati, na ndiyo siku ambayo hawezi tena kuitoa. Dole gumba la mtu asiyejua anachokubali halina maana, hata akishikwa mkono kwa upendo wote. Linalobaki ni kwenda mahakamani kuomba ateuliwe wa kusimamia mali ya mgonjwa.

Nchi nyingine zililiona tatizo hili na kulitungia dawa. Jimbo la Virginia, Marekani, lilianza katika miaka ya 1950 kuruhusu hati inayoendelea kuwa hai hata mwenyewe akipoteza fahamu, na leo majimbo yote ya Marekani yanaruhusu. Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 1985, ikaibadili kwa Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005. Hivi sasa Mswahili anayeishi Leicester au London anaweza kuandika mapema, akiwa na akili zake, nani atashika fedha zake na nani ataamua juu ya matibabu yake siku akishindwa kuamua, na hati hiyo husajiliwa kwenye ofisi ya serikali kabla haijatumika. Ila asidhani itafanya kazi Mbezi kwa sababu tu imegongwa muhuri London. Mamlaka hayo yameumbwa na sheria ya huko.

Je, wajua kwamba hati inaweza kufutwa na bado ikakutia hasara?

Mwenyewe anaweza kuifuta hati wakati wowote, ukiacha ule upenyo wa wakopeshaji. Hahitaji ruhusa ya mwakilishi. Lakini kuifuta moyoni hakutoshi, na kumtumia mwakilishi ujumbe wa "kuanzia leo sikutambui" ni nusu ya kazi. Kwa mwakilishi, mamlaka hukoma pale anapojua yamefutwa. Kwa watu wa nje, hukoma pale wao wanapojua.

Sheria ya India inalieleza hili kwa kisa cha pamba. Mtu wa Madras anamwandikia mwakilishi wake auze pamba iliyoko ghalani Bombay. Baadaye anabadili nia, anaandika barua ya pili: usiuze, niletee. Mwakilishi anaipokea barua ya pili, anaiweka pembeni, anamwuzia pamba mtu aliyeiona barua ya kwanza na hana habari ya pili. Mnunuzi analipa. Mwakilishi anatoweka na fedha. Nani amepoteza? Mwenyewe. Malipo ya yule mnunuzi ni halali.

Badili pamba uweke kiwanja cha Kigamboni, badili barua uweke meseji ya simu, kisa ni kilekile. Anayefuta hati aandike hati ya kuifuta, aisajili palepale iliposajiliwa ya kwanza, awapelekee nakala benki, wapangaji na kila aliyewahi kuonyeshwa ile ya awali, na adai arudishiwe nakala halisi. Tangazo gazetini husaidia.

Je, wajua kuna mambo yasiyoazimika?

Wosia hauandikwi na mwakilishi kwa niaba yako. Kiapo chako huapi kwa kinywa cha mwingine. Kura hupigi kwa hati ya uwakilishi Tanzania wala Kenya; Uingereza unaweza kumteua mtu akupigie kura, lakini kwa utaratibu wa uchaguzi wenyewe na si kwa hati hii. Mahakamani, Kanuni za Mwenendo wa Madai za Tanzania, Amri ya 3, kanuni ya 2, zinamtambua mwenye hati ya uwakilishi kuwa mtu anayeweza kusimama badala ya mwenye kesi. Kesi, hata hivyo, ni ya mwenyewe na jina ni la mwenyewe. Watu wengi wamefungua shauri kwa jina la mwakilishi likatupwa nje kabla halijasikilizwa. Pia mwakilishi hawezi kutoa ushahidi wa alichokiona mwenzake. Macho hayaazimwi.

Ndoa je? Hapa wengi hujibu haraka kwamba haiwezekani, na wengi hukosea.

Katika sheria ya Kiislamu, bwana harusi aliye mbali anaweza kumweka wakili wa kumkubalia, na walii wa bibi harusi anaweza kumpa uwakili shehe au mtu mwingine aozeshe kwa niaba yake. Waliohudhuria ndoa za Pwani wamelisikia hilo likitamkwa mbele ya mashahidi. Wasimulizi wa sira husimulia kwamba Mtume alifunga ndoa na Umm Habiba aliyekuwa Habash, upande wa pili wa bahari, na Najashi, mfalme wa huko, ndiye aliyetoa mahari ya dinari 400.

Wafalme wa Ulaya nao walikuwa na desturi hiyo. Marie Antoinette alifunga ndoa Vienna tarehe 19 Aprili 1770, akiwa na miaka 14, na aliyesimama pembeni yake mahali pa bwana harusi alikuwa kaka yake wa damu, Ferdinand. Miaka 40 baadaye, tarehe 11 Machi 1810, katika mji huohuo, Napoleon alimwoa Marie-Louise bila kuwepo. Aliyemwakilisha ni Karl, ami wa bibi harusi. Huyu Karl alikuwa jemadari wa Austria, na miezi minane tu kabla ya hapo Napoleon alikuwa amemshinda vitani Wagram. Sijui kama kuna mtu mwingine katika historia aliyeshindwa vitani kisha akatumwa kumwoa mpwa wake kwa niaba ya aliyemshinda.

Na hadi leo, jimbo la Montana huko Marekani huruhusu ndoa ambayo bwana hayupo na bibi hayupo. Wawakilishi wawili husimama, husaini, ndoa imekamilika. Sharti ni kwamba mmoja wa wanandoa awe mkazi wa Montana au mwanajeshi aliye kazini.

Je, wajua kwamba Pwani yetu iliwahi kupotea kwa mlango huu?

Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa kuisimamia pwani ya bara, kutoza ushuru wa forodha na kuendesha utawala kwa miaka 50. Kwa niaba ya nani? Kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake. Ukiyasoma makubaliano hayo kwa jicho la mada yetu, utaona yana umbo la hati ya uwakilishi: mali ni ya Sultani, mkono ni wa kampuni.

Mwezi Agosti kampuni ikaanza kazi. Pangani ilipelekewa kijana mmoja jeuri, Emil von Zelewski, akashikilia kwamba bendera ya kampuni ipepee kando ya ile ya Sultani. Watu wa Pangani hawakuhitaji mwanasheria kuwafafanulia maana yake. Mwakilishi aliyetumwa kukusanya kodi ya nyumba alikuwa anabandika jina lake mlangoni. Vita ikalipuka, Abushiri bin Salim akiongoza Pangani na Bwana Heri akishika Saadani. Kampuni ikashindwa, serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata Ujerumani ilimlipa Sultani wa wakati huo marki milioni 4, na uwakilishi ukageuka umiliki. Zelewski naye aliuawa na Wahehe huko Lugalo, Agosti 1891.

Upande wa Kenya mambo yalikwenda taratibu zaidi. Sultani Barghash, aliyemtangulia Khalifa, alikuwa amewapa Waingereza mamlaka kama hayo mwaka 1887, na serikali yao ikayachukua mwaka 1895 kwa kumlipa Sultani kila mwaka. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus, Mombasa, mpaka mwaka 1963. Miaka yote hiyo ya ukoloni, ule ukanda wa pwani kisheria ulikuwa mali ya mtu mwingine.

Je, wajua kwamba hati ya uwakilishi haihamishi umiliki?

Huko Delhi kulikuwa na mtindo. Mtu akitaka kuuza nyumba bila kulipa kodi na ada za uhamisho, alipokea bei kamili, kisha akampa mnunuzi hati ya uwakilishi ya jumla. Mnunuzi aliingia, akaishi, akajenga ghorofa, naye akauza kwa hati nyingine. Nyumba ilipita mikono mitano na daftari la serikali bado lina jina la wa kwanza. Tarehe 11 Oktoba 2011 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la kampuni ya Suraj Lamp dhidi ya Jimbo la Haryana, ilisema wazi kwamba mauziano ya namna hiyo hayampi mtu umiliki. Umiliki wa ardhi huhama kwa hati ya uhamisho iliyosajiliwa, basi.

Mtindo huo si wa Delhi peke yake. Kwetu pia utamsikia dalali akisema, "Usijali kuhusu uhamisho, mwenyewe atakupa pawa, utabadilisha jina baadaye." Baadaye hiyo ni lini? Mwenyewe akifa kabla, umebaki na karatasi. Akiifuta, umebaki na karatasi. Warithi wakija na barua ya mahakama, wao wana nyumba na wewe una karatasi.

Walioko mbali wana shida yao. Mtu yuko Muscat au Dubai au Columbus, anatuma fedha za kiwanja, na kwa kuwa hayupo, kiwanja kinaandikwa jina la kaka. Kwa nini? "Angesaini nani?" Hapo ndipo hati ya uwakilishi ingefaa: kaka angesaini kama mwakilishi, na jina kwenye hati ya kiwanja lingekuwa la aliyetoa fedha. Hati iliyotiwa saini ugenini hupelekwa ubalozini kuthibitishwa. Baadhi ya nchi zimejiunga na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, unaopunguza mihuri hiyo hadi mmoja kati ya nchi wanachama. Oman imo tangu 2012, Burundi 2015, Rwanda 2024.

Mkono wa kuazima, hata hivyo, haushiki kisichoshikika kwa mwenyewe. Asiye raia wa Tanzania anabanwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayomzuia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hati ya uwakilishi haimtoi kwenye kizuizi hicho. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na nazo ziangaliwe. Vilevile nyumba ya familia: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mume akiwa Doha akamtumia mdogo wake hati ya kuuza nyumba anamoishi mke na watoto, hati ile haikuja na ridhaa ya mke.

Kwa hiyo ukiletewa kiwanja na mtu anayeuza "kwa niaba ya", usianze na bei. Itazame hati iliposajiliwa, soma kama neno "kuuza" limo, soma namba ya kiwanja, angalia tarehe. Kisha omba namba ya mwenyewe, mpigie kwa video kabla hujatoa hata shilingi, na uone kama yu hai.